Asali Niliyoifunga Bila Kuilamba

Itigi, Jumanne 18 Aprili 1995

Nimeanza daftari jipya kwa sababu la zamani Eliana kalichana kufungia karanga. Binti ana miaka tisa na heshima ya karatasi hana kabisa.

Leo niliitwa posta, simu kutoka Dar. Alikuwa Bi Hajira, mama mwenye duka Kariakoo anayenunua asali yangu. Sijawahi kumwona sura, namjua sauti tu, na ananiita "mdogo wangu" wakati hajui nani kamzidi mwenzake umri. Mwezi wa pili nilimpelekea madebe mawili ya akiba kwa treni, akafurahi. Sasa anataka manne, yafike kabla ya Idi ya kuchinja, yaani tarehe kumi mwezi ujao. Nikasema yatafika bila wasiwasi. Nilipoweka simu chini ndipo nikakumbuka kwamba nyumbani sina hata kijiko cha asali.

Zamani kazi hii ilikuwa ya ushirika na mimi nilikuwa karani wake, napima na kugonga mhuri. Ushirika ukafa, tukaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ahangaike na lake. Baba Eliana akaenda Mererani kuchimba mawe. Mimi nikabaki na mizani ya ushirika, ambayo mpaka leo hakuna aliyekuja kuidai.

Jioni jirani yangu Dorika, mama Philipo, kanirudishia bakuli langu la bluu likiwa na kunde. Wiki iliyopita nilimpelekea likiwa na viazi. Bakuli hilo linatembea kati ya nyumba zetu tangu tulipohamia, na halijawahi kurudi tupu hata mara moja. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia neno.

Ijumaa 21 Aprili

Nimekwenda kwa baiskeli porini kwa mjomba Mughwai, mwenye mizinga. Njia nzima matope. Nilifika nimechafuka mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mtu anayekuja na mvua hii ana shida."

Nikamweleza. Akanipeleka kwenye mzinga mmoja wa karibu, akafukiza moshi, akanitolea kipande cha sega. Matundu mengi yalikuwa wazi. Akasema nyuki hawajayaziba, asali bado ina maji, ningoje mwezi wa sita.

"Mwezi wa sita wenye malori watakuwa wameshamuuzia asali yao, mjomba. Wewe utabaki na asali iliyoiva na mimi nitabaki na njaa."

"Mama yako alikuwa hivihivi," akasema. "Chungu hakijachemka, yeye kashika mwiko."

Nilibembeleza mpaka nikajichosha mwenyewe. Mwisho akakubali, lakini akaniuliza swali. Kwetu muuza asali huilamba kwanza yeye mbele ya mnunuzi, halafu mnunuzi naye analamba, ndipo mnaanza kuzungumza bei. "Huyo wa Dar utamlambia wapi?" Nikamwambia siku hizi watu wanauziana kwa simu. "Kwa simu," akasema, akaenda kutafuta kamba.

Jumatatu 24 Aprili

Madebe matano. Manne ya Bi Hajira, moja nimeliweka stoo nyuma ya magunia niuze hapahapa. Nimejaza mpaka mdomoni, nikaziba vifuniko kwa nta, duara zima, pasipo hata nafasi ya sisimizi. Sikulamba. Mikono yote ilikuwa nta na treni haingoji mtu.

Jumatano 26 Aprili

Mzigo umeondoka na treni ya kushuka Dar. Aliyepakia ni Zefania, mume wa Dorika, mpakiaji wa pale stesheni tangu mimi ni msichana. Wakati anapakia mimi nilikuwa nabishana na mama wa mayai aliyekalia kivuli changu. Nilipogeuka, madebe yalikuwa ndani ya behewa na Zefania anajipangusa jasho.

"Yamelala vizuri, mama Eliana."

Nikampa ahsante, na andazi.

Ijumaa 28 Aprili

Mvua. Wanasema reli imekatwa na maji huko mbele ya Dodoma.

Jumapili 30 Aprili

Mvua. Kanisani paa linavuja juu ya kwaya. Baada ya ibada Dorika kanishika mkono, tukatembea pamoja chini ya kanga moja. Anasema wakubwa wa reli wanapunguza watu, kila stesheni itoe jina. Nikamwambia watamtoa nani, Zefania hajawahi kupewa hata onyo. "Ndiyo dua yangu hiyo," akasema.

Alhamisi 4 Mei

Mvua mpaka mwezi wa tano! Treni ya mzigo wangu bado imesimama huko. Nimempelekea Dorika bakuli likiwa na mlenda.

Jumatatu 8 Mei

Reli imefunguliwa.

Alhamisi 11 Mei

Simu ya Bi Hajira. Idi ilikuwa jana.

Madebe yalifika Idi yenyewe asubuhi. Mawili yamepasuka vifuniko, asali imemwagika juu ya mizigo ya watu, na watu hao wamekuja dukani kwake kumtukana. Mawili mengine mazima, lakini yamevimba. "Yamevimba, mdogo wangu, ubavu umetoka nje. Na nta yako juu yake iko vilevile ulivyoiweka, haijaguswa. Nimefungua moja, inatoa povu. Inanuka pombe. Mimi wateja wangu wanatoka msikitini kununua asali ya dawa, hii nitawauziaje?"

Nikasema ni mafuriko, ni joto la behewa.

"Yawezekana. Lakini uliionja kabla hujaifunga?"

"Niliionja."

"Ilikuwaje?"

"Tamu."

Anataka nimpelekee mengine au nirudishe nusu aliyotanguliza. Hiyo nusu imeshakuwa bati na sare ya shule. Nimetoka posta masikio yanawaka. Watu wa Dar nawajua, ameshauza asali yangu yote, sasa anatafuta na ya bure. Ati inanuka pombe. Mwislamu gani anajua pombe inavyonuka?

Ijumaa 12 Mei

Nimekwenda stesheni kwa mzee Bonaventura, stesheni masta. Ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akanieleza taratibu. Mzigo ukichelewa kwa mafuriko, hayo ni ya Mungu, hakuna fidia. Mzigo ukiharibiwa na mfanyakazi, fidia ipo.

"Aliyepakia ni Zefania," akasema. "Ulimwona akiyatupa?"

Nilifikiri mambo mengi kabla ya kujibu. Nilifikiri madebe hayawezi kupasuka yenyewe. Nilifikiri lazima kuna mahali yaligongwa, na kama yaligongwa mahali, kwa nini isiwe hapa? Nilifikiri watamfokea Zefania siku moja, basi, reli ni kubwa.

"Nilimwona," nikasema.

Akaandika. Nikatia sahihi.

Jumamosi 13 Mei

Bakuli limerudi na karanga. Dorika hajui bado. Karanga kamaliza Eliana.

Alhamisi 18 Mei

Zefania kanikuta kwenye bomba la maji. Hakunizuia njia, alisimama pembeni na kofia yake mkononi.

"Mama Eliana, nimesomewa karatasi. Inasema uliniona natupa madebe."

Wanawake wote bombani wakageuka kututazama.

"Labda lilikuponyoka, baba Philipo. Binadamu tunateleza."

"Lingeniponyoka ningekwambia palepale. Nilibeba moja moja, kifuani."

Nikasema mimi sina ugomvi na yeye, hayo ni mambo ya reli na mzigo. Nikajitwisha ndoo haijajaa nikaondoka. Nina hasira naye. Kwa nini anisemeshe mbele za watu?

Jumamosi 20 Mei

Nimepeleka bakuli kwa Dorika likiwa na viazi. Kalipokea Philipo mlangoni, mama yake alikuwa ndani, namsikia anakohoa.

Jumamosi 27 Mei

Bakuli halijarudi.

Jumanne 30 Mei

Mvua imekwisha, sasa ni vumbi na upepo. Bi Hajira kapiga tena. Safari hii alikuwa na sauti ya chini, akaniambia watu wa mizigo iliyochafuka ameshawalipa kwa mfuko wake. "Kama kosa ni la reli niambie, mdogo wangu. Kama ni lako pia niambie. Biashara ya kutoonana inataka ulimi mmoja."

Nikampandishia sauti. Nikamwambia mimi si tapeli, nimekuwa karani wa asali miaka mingi, mhuri wangu ulikuwa unaheshimika mpaka Manyoni. Kijana wa posta akaacha kugonga stempu akawa ananitazama. Bi Hajira akangoja nimalize, halafu akasema, "Haya. Nimekusikia." Akakata.

Bakuli bado.

Jumatano 7 Juni

Sijui nianzie wapi kuandika leo.

Mchana nilikuwa nafagia stoo nikasikia mlio nyuma ya magunia, mlio mdogo wa kuchemka. Nikadhani panya. Nikavuta gunia. Ni lile debe la tano. Ubavu umetoka nje, kama alivyosema. Nta yangu juu yake nzima, duara zima, haikuguswa na mtu. Hili halijapanda treni, halijabebwa na Zefania, halijatoka nyumba hii tangu siku niliyoliweka mwenyewe.

Nilichokonoa nta kwa kisu. Kifuniko kiliruka kikagonga dari, povu likamwagika miguuni mwangu, na harufu ikajaa stoo nzima. Ni kangara. Pombe ya asali ya misibani na harusini, ambayo kila mtu Itigi anaijua tangu tumboni. Nilichovya kidole nikalamba, safari hii nikalamba. Chachu tupu.

Basi nikakaa chini palepale kwenye povu. Nilikuwa namtukana mama wa watu kwa kujua harufu ambayo mimi ndiye niliyestahili kuijua. Aliniambia nta iko nzima, nikasikia kwa masikio yangu mawili. Mjomba alinionyesha matundu yakiwa wazi, nikaona kwa macho. Na nikasema nilimwona Zefania, wakati nilikuwa nagombea kivuli na mama wa mayai.

Eliana karudi shule akaniuliza kwa nini nyumba inanuka kilabu. Nikamchapa. Halafu nikamwomba radhi, akashangaa zaidi.

Alhamisi 8 Juni

Sikwenda popote.

Ijumaa 9 Juni

Wala leo. Nilifika mpaka kwenye ngazi za stesheni, nikamwona Zefania anafagia jukwaa, nikageuka kama niliyesahau kitu. Hata mbele yangu mwenyewe najifanya nimesahau kitu.

Jumamosi 10 Juni

Mjomba kaja na mkokoteni, kaleta madebe manne, masega yamezibwa, asali imeiva, rangi ya chai. Sikumwagiza. Akaingia stoo, akanusa, akatoka.

"Hujamwambia mtu," akasema.

"Bado."

"Zefania yule ndiye aliyembeba marehemu shangazi yako kutoka kwenye treni alipoletwa na maradhi. Mgongoni, mpaka zahanati. Ulikuwa mdogo."

Sikuwa nakumbuka. Mjomba alikula ugali wake, akaniagiza nisijaze mpaka mdomoni, akaenda. Afadhali angenifokea.

Jumatatu 12 Juni

Nimekwenda. Nililala na nguo ili asubuhi nisipate kisingizio cha kuvaa.

Mzee Bonaventura alikuwa peke yake ofisini. Nikamwambia yote nimesimama. Asali ilikuwa mbichi. Imechachuka yenyewe. Zefania hakutupa kitu, na mimi sikumwona, nilisema uongo. Nikaomba ile karatasi aichane.

Alivua miwani akaiweka mezani.

"Mama Eliana, unajua ile karatasi ilikuja siku gani?"

"Tarehe kumi na mbili."

"Tarehe kumi nilikuwa nimeletewa agizo. Itigi itoe jina moja la kupunguzwa. Moja tu. Nilikaa siku mbili silali, sina wa kumtoa, wote ni watu wangu. Halafu ukaingia wewe na sahihi yako." Akafikicha macho. "Nikamshukuru Mungu, unasikia? Nilidhani amenisaidia."

"Basi andika tena. Sema Zefania hana kosa."

"Nitaandika kwamba hana kosa. Hilo nitaandika leo leo. Lakini wanataka jina moja. Nikilitoa lake niweke la nani?"

Nje walikuwepo wapakiaji wengine wawili, wanacheza bao kwenye kivuli cha tangi. Mmoja mke wake kajifungua juzi. Mwingine nimesoma naye darasa moja.

"Nitajie," akasema. Hakusema kwa ukali, alikuwa anaomba kabisa nimsaidie.

Nikasema shikamoo badala ya kwaheri, nikatoka.

Jumanne 13 Juni

Nimekwenda nyumbani kwa Zefania. Nilibeba asali mpya kwenye kidumu, na mlangoni pao nikailamba kwanza, nikaona haya kuilamba. Dorika alikuwa anapepeta mtama. Hakuinuka wala hakuacha kupepeta. Bakuli langu nililiona kwenye kichanja cha vyombo, limegeuzwa.

Nikamwambia Zefania kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Kidumu weka hapo."

Nikaweka. Nikasema nitafanya lolote.

"Kupunguzwa wangempunguza mtu tu, mama Eliana. Leo mimi, kesho yule. Hilo nimelipokea. Lakini nikipita sokoni wanasema huyu ndiye aliyekuwa anatupa mizigo ya watu. Miaka yote ile sijavunja hata yai la mtu. Hilo ndilo linanitoa usingizi."

Ungo wa Dorika ulikuwa unakwenda vilevile, shaa, shaa, shaa. Mimi nilizoea kicheko chake kikivuka uzio kabla ya maneno yake. Leo sikuambiwa hata karibu wala kwaheri.

Alhamisi 15 Juni

Nimempigia Bi Hajira mimi mwenyewe. Nikamwambia asali ilivunwa mbichi, sikuionja, nilidanganya. Dakika za simu zilikuwa zinakwenda.

"Nilijua siku ile ile uliponijibu tamu," akasema. "Ulijibu haraka mno."

Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza.

"Ningekugombeza ungenitafutia mwingine wa kumsingizia."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshampata.

Jumapili 18 Juni

Baada ya matangazo ya kanisa nikaomba nafasi. Mzee wa kanisa alidhani nataka kuuza asali, akasema kwa ufupi. Nikasimama mbele nikasema: Zefania hakutupa madebe yangu, nilisema nilimwona na sikumwona, asali niliivuna mbichi kwa haraka yangu. Nilishika mimbari kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema amina. Mtu mmoja nyuma alisema, "Kwa hiyo ilikuwa kangara," na wachache wakacheka, wakanyamazishwa.

Zefania alikuwa benchi la tatu. Aliinamisha kichwa mara moja, taratibu, kama anayepokea mzigo. Dorika alikuwa kwaya, anatazama lile paa linalovuja.

Jumatano 21 Juni

Nimepakia madebe manne mapya. Nimeacha nafasi ya vidole viwili juu, na nimelamba kila debe mbele ya mzee Bonaventura, naye akalamba kwa niaba ya Bi Hajira. Aliyepakia ni yule niliyesoma naye. Niliangalia kila debe mpaka likalala. Alikuwa hanitazami usoni, naye akamaliza akaondoka bila kungoja andazi.

Jumatatu 26 Juni

Barua ya mzee Bonaventura imejibiwa. Zefania hana kosa, imeandikwa hivyo, na imebandikwa ubaoni stesheni. Jina lake linabaki kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Yeye na Dorika wanarudi kwao Nduguti Ijumaa.

Ijumaa 30 Juni

Asubuhi niliitwa posta. Asali imefika salama, haijavimba, haijanuka. Bi Hajira anataka madebe kumi. Nikasema ahsante dada, naye akacheka, akasema leo ndiyo mara ya kwanza nimemwita dada.

Nilipokuwa narudi, lori la vitunguu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya Zefania. Vitanda juu, kuku kwenye tenga, Philipo kakumbatia redio ya baba yake. Nilitaka kwenda kusaidia kubeba. Nikaingia ndani nikasimama nyuma ya mlango, kwenye upenyo, nikaangalia wenzangu wakisaidia. Zefania alipanga vyombo vyake mwenyewe ndani ya lori, kimoja kimoja, akitandika nyasi katikati. Ile namna ya kupakia nilikuwa sijawahi kuiangalia hata siku moja.

Eliana alikwenda kuwaaga. Nikasikia lori likiwaka, likakaa, likaondoka kuelekea barabara ya Singida. Vumbi likaingia mpaka ndani.

Eliana karudi ameshika bakuli la bluu kwa mikono miwili.

"Mama Philipo kasema nikupe."

Limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa, hata ile alama ya moshi chini, ya miaka yote, imetoka. Ndani halina kitu. Hata punje ya mtama.

"Hakusema neno lingine?"

"Hakusema."

Eliana aliniuliza sasa tuweke nini ndani, na tumpelekee nani. Nikamwambia aliache mezani hivyohivyo.